Vikopo Viwili, Mkojo Mmoja

Mnicheke mapema tumalize, maana aibu hii nimeibeba peke yangu tangu msimu wa maharage na imenichosha.

Nilikuwa naamini UTI, yale maambukizi ya njia ya mkojo, ni ugonjwa wa kubuniwa maabara (chuo kilinifundisha kuhoji kila kitu isipokuwa mimi mwenyewe). Huku Rugu, ninakojitolea kufundisha sekondari, kila aliyepimwa alirudi na UTI, mwenye mafua UTI, mwenye goti UTI, basi siku mkojo uliponichoma na homa ikapanda nikaenda zahanati na mpango wangu: nikaugawa mkojo kwenye vikopo viwili, kimoja jina langu, kingine la Ma Kokugonza, mjane mwenye nyumba ninayopanga. Majibu yakitofautiana, nimewakamata.

Hayakutofautiana. Mtu wa maabara akatoka, akasoma mbele ya benchi zima: "Mwalimu, UTI. Kokugonza, UTI. Huyu mama yuko wapi?"

"Amebaki nyumbani," nikasema, nikachukua dawa zangu, nikatoka haraka.

Sasa, huku mgonjwa haachwi peke yake. Saa kumi jioni uani palijaa akina mama wa kanisani, ndizi, maziwa, na Ma Kokugonza katikati yao ameshika jembe, ametoka shambani, anauliza, "Jamani, naumwa nini?"

"Usitufiche, dada, tumesikia zahanati. UTI!"

"Mjane na UTI?" mwingine akadakia. "Umeitoa wapi?"

Wakacheka. Yeye hakucheka.

Mimi nilikuwa chumba cha nyuma, natetemeka chini ya blanketi, nasikia wakianza kumwombea mtu mzima wa afya huku hakuna anayeniulizia mimi, na sikuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa miezi saba sikuwahi kumwambia yeyote pale hata kwetu ni wapi. Lakini kile kicheko kilikuwa kinamharibia mama wa watu jina. Nikatoka na blanketi langu.

"Shikamooni. Mkojo ule ni wangu. Vikopo vyote viwili."

Walioitikia marahaba waliishia katikati.

"Jina langu ulilitakia nini, mwanangu?" akauliza Ma Kokugonza.

"Nilitaka la mtu ninayemjua. Sikuwa na lingine."

Akaingia ndani na jembe lake. Wenzake wakabeba vikapu, wakaondoka.

Dozi niliimaliza, mkojo hauchomi tena, na nimeapa nikihoji kitu nitakihoji kwa jina langu. Ila kila asubuhi nampa Ma Kokugonza shikamoo, naye anaitikia akiwa ameshanipita.