Nani Amesema?

Jumamosi iliyopita tulimzika dada yangu Amoit nyumbani Moding, na tangu siku hiyo hakuna tena mtu wa kuniuliza, "Nani amesema?" Lilikuwa swali lake kwa kila habari iliyoingia uani, hata ya mbuzi kupotea. Nimechoka, na sina elimu kubwa. Lakini likizo moja ya utoto wetu imenikaa kifuani, na wa kuisimulia nimebaki mimi.

Likizo ile ilinuka muhogo uliovundikwa na moshi wa dizeli. Malori yaliyosubiri kuvuka mpaka Malaba yalipanga foleni ndefu, nasi, kama majirani wote, tulibeba muhogo wetu hadi ukingoni mwa lami, kwa sababu lami hukausha upesi kuliko udongo. Amoit alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu. Alikuja na makala ya mtafiti mmoja kuhusu vumbi na moshi unaoingia katika muhogo wa barabarani, naye alitakiwa kuifupisha kwa kurasa mbili. Kazi hiyo ndiyo ingeamua kama atahitimu. Mama alicheka. "Sasa mwalimu, tuanike wapi? Kwa kichwa yako?"

"Si mimi nimesema, Mama. Ni huyu mwenye makala."

Siku za mwisho alijikata kidole gumba akimenya muhogo, ikabidi aniite mimi, niliyekuwa darasa la saba na mwandiko mzuri, nimnakilie kazi yake kwa usafi. Aliniketisha juu ya gunia akanieleza. Kwanza unamtaja mwandishi na makala yake, ndipo unasema alilosema. Katikati unamkumbusha msomaji: anaendelea kueleza, kwa maoni yake. Wazo lako, ukiwa nalo, liweke kando lijulikane ni lako. Mwisho unaandika makala ilikotoka, ili anayetaka aende akajionee. "Akiru," akasema, "ukila kwa jirani usirudi ukisema umeshiba kwenu."

Nilinakili. Karatasi safi zilikuwa mbili tu, na mistari ikaanza kunibana. Nikaona yale "mwandishi anasema" yanajirudia bure, kama kuku anayezunguka jiko. Nikayaacha moja moja. Mwisho nikaliacha na jina lenyewe, pamoja na mstari wa chini ulioonyesha makala ilikotoka. Kazi ikaenea, ikapendeza. Amoit alikuwa anafunga sanduku, na mwenye baiskeli ya boda alikuwa nje akipiga kengele. Akazitia karatasi kwenye bahasha bila kuzisoma.

Baada ya wiki chache alirudi na sanduku lake. Mkufunzi alikuwa amesema ameiba maneno ya mtu akayafanya yake. Wenzake walipohitimu, yeye alikuwa kando ya lami akigeuza muhogo, akangoja mwaka mzima ndipo arudie. Siku aliyorudi alinionyesha zile karatasi.

"Akiru, maneno yangu yalienda wapi?"

"Hayakuwako. Ulisahau wewe."

Alinitazama kidogo. "Sawa," akasema. Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko foleni ya malori.

Kwetu, aliyemuuguza marehemu husimama mazishini akaeleza ugonjwa ulivyokwenda. Nilisimama. La daktari nilisema ni la daktari, la Amoit nikasema ni la Amoit, na nililoliona kwa macho yangu nikasema ni langu. Kisha nikaungama habari ya zile karatasi. Watu walitazamana. Nilitaka kumtaja na yule mtafiti, nikakuta jina lake nimelisahau. Kiongozi wa shughuli akanisogelea: "Mama, fupisha. Pasta ako na mazishi ingine."

Siku hizi muhogo tunauanika uani, juu ya turubai. Vijana wetu hunisomea habari kwenye simu, na nikiwauliza nani amesema, hujibu, "Iko tu kwa simu, mathe." Amoit asingekubali jibu hilo.

Wageni walipoondoka niliketi na Mama kando ya turubai. Alisema bila kunitazama, "Alijua ni wewe."

"Nani amesema?"

"Amoit mwenyewe. Ile siku alirudi na sanduku, tukianua muhogo kwa barabara."

Kisha akaniambia nishike upande wa pili wa turubai, tukalikunja.