Umwali Chini ya Migomba

Védastine aliishi peke yake Nyakabuye, katika nyumba iliyopakana na barabara iteremkayo Bugarama. Mumewe alipotelea misituni Kongo vita vilipozisambaratisha kambi za wakimbizi walimoishi. Yeye alirudi kupitia Bukavu, bintiye Umwali mgongoni. Miaka ilipita, na majirani wakazoea kumwona akilima kimya na kuitika salamu bila kuongeza neno.

Barabara ilipotakiwa kupanuliwa, walitangulia wachimbuaji wa mambo ya kale, kuchunguza ardhi kabla mashine hazijaipindua. Mkuu wao, Twagirayezu, aliokota uani kwa Védastine vigae vya vyungu na mavi ya chuma, yale mabonge yanayobaki chuma kikiyeyushwa.

“Wahunzi wa zamani sana waliyeyusha chuma hapa,” alisema kwa furaha. “Maman, tunaomba tuchimbe mpaka kwenye migomba.”

“Kwenye migomba, hapana,” alijibu Védastine, akaingia ndani.

Kesho yake Twagirayezu alimkuta ameketi chini katikati ya migomba, kanga yake imelowa manyunyu. Akachutama mbele yake.

“Maman, kuko nini hapa?”

“Kuko mutoto wangu.” Alisema bila kumtazama. “Tulifika toka Kongo na homa yake, haikupita siku akafa. Bantu bote balikuwa bamekimbia. Nilimuzika miye peke yangu. Hata wimbo hakuna muntu aliimba.”

Twagirayezu aliweka kiganja juu ya udongo. “Hata sisi tukiondoka, Maman, mashine zitapita hapa hapa. Afadhali tumutoe na mikono, nawe ukiwa karibu.”

Védastine alifikiri, mwishowe akaitikia kwa kichwa.

Ruhusa ya serikali ya kufukua kaburi ilipopatikana, walichimba taratibu kwa miiko na brashi zile zile walizosafishia vigae. Kilipotokeza kipande cha kitenge cha kijani, Védastine alisema, “Ni yeye,” akashuka shimoni. Mifupa aliipokea mwenyewe, mmoja mmoja, akaifunga katika shuka jeupe.

Walimzika upya kwenye makaburi ya kanisa. Wachimbuaji walikuja na matope yao miguuni. Drocella, jirani aliyerudi toka Kongo mwaka mmoja baada yake, ndiye aliyeanzisha wimbo. Walipokwisha kuimba, alimshika Védastine mkono.

“Mbona hukutuambia miaka yote hii?”

“Nilikuwa nangoja muniulize.”

Drocella hakuuachia mkono ule mpaka walipotoka makaburini.

Tanuri la wahunzi, lililofukuliwa karibu na migomba, lilichorwa na kupigwa picha, kisha wataalamu wakaenda zao. Nyumba ikabomolewa. Védastine alijengewa nyingine juu kilimani, mahali ambapo sauti za magari hazifiki.

Jumapili ya kwanza Drocella alipanda kumtembelea. Waliketi, wakamenya mihogo. Jua lilipoinama Védastine alimsindikiza hadi kwenye kona ya njia, akasimama akimtazama mpaka alipopotelea bondeni. Kisha alirudi, akakoka moto, akapika chakula cha mtu mmoja.