Msaidizi Aliyekabidhiwa Timu

Mimi kuandika sikuzoea, na macho yenyewe yamechoka. Nimeshasema mara ngapi kwamba anayetaka habari za mtu amfuate mwenye habari zake? Lakini mmeniganda kama kupe, mama tuandikie, mama tuandikie, utadhani nimekula cha kwenu. Haya. Nitaandika mara moja tu, na atakayeona herufi zimelala upande, naye alale upande azisome.

Ni habari ya mume wa mtoto wa dada yangu. Jina lake halina kazi hapa, maana hata kazini hakuitwa jina. Aliitwa Msaidizi. Alikuwa kocha msaidizi wa timu ya ligi kuu, timu ya mji mzima, ile ambayo ikifunga goli kuku wanaruka bandani, na ikifungwa watoto wanachapwa kwa makosa ya wiki iliyopita. Mtaani Msaidizi, dukani Msaidizi, hata wakwe walimwita hivyohivyo. Naye aliitika bila kinyongo, maana jina hilo ndilo lililokuwa likimlisha.

Niwaeleze. Klabu ile ilibadilisha makocha wakuu kama mtu anavyobadilisha tambara la kudekia. Msimu ukiisha tu, kocha chini. Walikuja kwa maua wakaondoka kwa mawe. Alikuja mmoja na kompyuta yake, akaja mmoja na mpishi wake, akaja mwingine anayesali katikati ya uwanja kabla ya mazoezi, wote wakaenda na maji. Kila alipoondoka mmoja, Msaidizi alimbebea boksi lake hadi kwenye gari, akampa pole, kisha akarudi kukunja fulana za mazoezi na kujaza mipira upepo. Wanasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Za huyu zilikuwa zimelowa miaka nenda miaka rudi, na wembe haukumfikia.

Siri yake ilikuwa moja: kukaa nyuma. Picha za timu zote alitokea nusu uso, nusu nyingine iko nyuma ya bega la mtu. Timu ikishinda, alipiga makofi na wenzake. Ikifungwa, aliinama kuokota chupa za maji. Watangazaji wakimwekea kipaza sauti alijibu, "Muulizeni kocha." Mkewe alikuwa akimcheka, akimwambia, "Wewe hata kaburini utataka ulale nyuma ya mtu."

Lakini mkewe naye alijua. Walikaa nyumba ya klabu, vyumba viwili nyuma ya jukwaa la kusini, na cherehani yake ilikuwa barazani, mahali ambapo kila apitaye kwenda uwanjani lazima aione nguo iliyoning'inia. Wateja wake walitoka hapo. Shule ya watoto ilikuwa ng'ambo ya barabara. Maisha yao yote yalining'inia kwenye msumari mmoja, na msumari huo ni kazi ya pili. Si ya kwanza. Ya pili.

Basi msimu mmoja timu ikamaliza nafasi ya nne, na mji mzima ukajua kwamba kocha wa wakati huo, mzee mmoja mpole mwenye tumbo, waliyemwita Filimbi, hana siku. Msaidizi akaanza kutafuta boksi imara. Kabla hajalipata akaitwa yeye, ghorofani, kwenye ofisi ya mwenyekiti. Akapanda ngazi. Alijua kilichompata peku, leo kinampata ungo.

Mwenyekiti, mfanyabiashara wa saruji na mabati, alikuwa amekaa na wajumbe wake wa kamati. Alimkaribisha kiti, akamwambia Filimbi wamemuaga asubuhi, na timu sasa wanamkabidhi yeye.

Moyo wake, aliniambia mwenyewe, ulitua halafu ukaanguka. Kufukuzwa alikuwa amejiandaa. Hili hakujiandaa.

"Mwenyekiti, nakuomba," akasema. "Mimi niacheni hapohapo nilipo."

Wajumbe wakatazamana kwa furaha.

"Mmeona adabu hiyo?" mwenyekiti akawaambia. "Wenzake wanagombea kiti, yeye anakikimbia. Ndiye huyuhuyu."

Akaomba tena. Akasema hana kifua cha kuwa mbele, akasema kuna makocha wazuri mjini wanaotafuta kazi, akaunganisha viganja kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Kadiri alivyoomba ndivyo alivyowapendeza. Mjumbe mmoja alifuta machozi. Adabu ya miaka yote ilimgeuka siku hiyo ikamtia sufuriani, na kila alipopiga teke walidhani anacheza.

Katibu alimsindikiza kwenye ngazi, akamshika mkono, akamwambia polepole, "Ndugu yangu, kocha akitoka anatoka na benchi lake. Ukikataa, nawe ni benchi la Filimbi."

Hapo alikubali. Mngefanya nini ninyi? Lakini eleweni ubaya wake, maana watu wa nje hawauoni. Msaidizi anaweza kuwa kocha mkuu. Kocha mkuu hawezi tena kuwa msaidizi. Nani ataweka nyuma yake mtu aliyekwisha kuonja mbele? Ni sawa na kumlaza mwenye nyumba wa zamani chumba cha wageni, utamsikia anatembea.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa na pini mdomoni, anapima gauni. Akamweleza. Mkewe akazitoa pini akazichomeka kwenye kijimto chake.

"Kwa hiyo wamekufukuza," akasema.

"Wamenipandisha."

"Ndiyo hivyo, mume wangu. Wamekufukuza leo, utaondoka mwakani."

Huku simu za wakwe zinaita moja baada ya nyingine, hongera mwanetu, hongera, umetutoa kimasomaso.

Msimu ukaanza, na hapa ndipo mambo yalipoharibika, maana walishinda. Wakashinda tena. Wakashinda mpaka watu wakambeba mabegani wakamzungusha uwanja. Yeye aliyekuwa akiogopa, akaanza kuinua mkono akiwa huko juu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu hakupata kusifiwa tangu azaliwe, kwa hiyo maji aliyatia kwa ndoo. Muuza mkate alipomwita Msaidizi, alimrekebisha. "Kocha," akasema. Mkewe alisikia kutoka barazani, akakanyaga cherehani kwa nguvu asisikie zaidi.

Katikati ya msimu mwenyekiti akamuuza mfungaji wao kwa klabu kubwa. Nahodha akaumia goti. Mabega yaliyombeba yakakunjwa, midomo ikafunguka. Kipigo cha kwanza walisema ni bahati mbaya, cha pili wakasema ni waamuzi, baada ya hapo ilikuwa ni yeye tu. Mteja mmoja wa mkewe aliuliza wakati anapimwa kiuno, "Huyo mumeo anasubiri nini pale?" Mtoto wa dada yangu alikaza utepe kidogo tu, na gauni hilo nasikia mwenyewe hawezi kuketi akilivaa mpaka leo.

Sasa kocha naye alikuwa na msaidizi wake, golikipa wa zamani, mrefu mwembamba, waliyemwita Mlingoti. Mlingoti alisimama nyuma. Alikunja fulana. Watangazaji wakimfuata alisema, "Muulizeni kocha." Yule bwana alimtazama kwa wivu, kama mtu mwenye jino linalouma anavyomtazama aliyelala.

Ikabaki mechi ya mwisho. Mwenyekiti alitangaza redioni, mji mzima ukisikia, kwamba wakipata sare timu inabaki ligi kuu na kocha anabaki na kazi yake. Wakifungwa, timu inashuka naye anaondoka. Sare tu. Bila bila ilitosha.

Wachezaji walipotoka kupasha misuli, Mlingoti alifunga mlango wa chumba cha kubadilishia nguo.

"Kaka, usifungwe leo."

"Kwani nani amekwambia nataka kufungwa?"

"Katibu amenidokeza. Wakikutoa, timu wananipa mimi."

"Si ukatae."

"Wewe ulikataa?"

Mlingoti akakaa kwenye benchi, magoti yakamfika kidevuni. Akasema mkewe amejifungua majuzi, na kwamba usiku hapati usingizi, lakini si kwa kilio cha mtoto. Katika uwanja ule wenye watu maelfu, ni yeye peke yake aliyemwombea kocha dua ya kweli.

Mpira ukachezwa. Mchana kweupe, jua la kupasua kichwa. Bila bila mpaka mapumziko, bila bila mpaka dakika za mwisho. Mabeki walizuia kama watu waliofungiwa mlango na moto uko nje. Zikabaki dakika chache timu yake ikapata kona.

Hapo jukwaa likaanza kuimba. Hawakumzomea, waliimba ule wimbo wa mwanzo wa msimu, wa siku alipobebwa. Mbele, kocha, mbele. Aliusikia ukimwingia miguuni. Mlingoti alimshika mkono wa koti akamwambia, "Tukae nyuma, kaka. Tukae nyuma, tumeshamaliza." Maneno hayo hayakuwa ya Mlingoti. Yalikuwa yake, ya maisha yake yote. Akayatikisa kama mtu anayetikisa nzi. Akawapungia mabeki wote waende mbele. Wote. Akamwacha golikipa kama mlinzi wa nyumba iliyohama watu.

Kona ikapigwa ikaokolewa, mpira ukamdondokea winga wa wapinzani, kijana mwenye mbio. Kilichofuata hata mimi nisiyejua mpira nakijua. Uwanja mzima ulimtazama akikimbia peke yake. Goli lilipoingia, Mlingoti ndiye aliyeanguka chini, akalala kifudifudi kwenye nyasi akikumbatia kichwa. Kocha alibaki wima, mkono wake bado umeinuliwa mbele.

Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asiende. Mlinzi wa geti, aliyekuwa akimpigia saluti, alimwita mzee. "Mzee, nimeambiwa usubiri hapa." Akasubiri. Kupitia nondo za geti alimwona Mlingoti katikati ya uwanja, filimbi shingoni, wachezaji wamemzunguka. Hakuipiga filimbi hiyo. Alikuwa anaigeuzageuza mkononi kama mtu aliyepewa dawa asiyojua kipimo chake.

Nyumba ikatakiwa wiki hiyohiyo. Cherehani iliondoka kwenye mkokoteni, na wateja hawakufuata, maana nani atatembea mji mzima kwa ajili ya pindo la sketi? Sasa wamebanana chumba kimoja kwa ndugu, watoto wanalala chini ya meza ya kukatia nguo, na shule wamehamishwa.

Ameomba kazi ya usaidizi kila timu. Kocha mmoja alimchekea, akamwambia, "Kocha mzima uje unibebee mipira? Nikikuweka nyuma yangu nitalala vipi?" Mwingine alidhani katumwa na kamati kumchunguza, akamfukuza na maji hakumpa. Ameshuka madaraja yote, mpaka timu za viwanda, na jibu ni lilelile. Ukocha mkuu hawampi kwa sababu aliishusha timu. Usaidizi hawampi kwa sababu alikuwa mkuu. Asubuhi anavaa suti yake ya michezo, anakaa ukingoni mwa kitanda, viatu amefunga kamba. Hatoki. Mkewe akimuuliza anakwenda wapi anasema, "Nilikuwa na kazi moja tu, ya kukaa nyuma." Basi, hamalizii. Na juzi mtoto wa dada yangu amenijia akalia hapa mpaka kitambaa kikalowa, akaniambia anaogopa kumwacha mumewe peke yake chumbani.

Nimeandika, mkono umeniuma. Sasa ni zamu yenu. Wewe uliyesoma mpaka hapa una timu, au mjomba wako anayo, au bosi wako: ya shule, ya bandari, ya polisi, ya watoto wasio na viatu. Mpeni mtu huyu kazi ya pili. Msije na kazi ya kwanza, nitawafukuza mlangoni kwangu. Na msiniambie mtafikiria. Njooni na jibu kabla ligi haijaanza.