Kamba ya Mbuzi

Juzi niliona mtutu wa bunduki ya zamani ya askari kwenye rundo la vyuma chakavu, nikauacha pale pale bila kuugusa. Najifundisha mwenyewe kuchonga vipuri vya pikipiki, na kila kipande hukipima tena na tena kwa hofu.

Nilipokuwa mtoto, kule kijijini Kibua, Papa alikuwa ameiunda upya bunduki ya namna hiyo, ya kuwindia, kwa vipande vya kuokota alivyovikwangua kwa tupa. Mchana mmoja aliifunga kwenye kisiki, ikinuka mawese aliyoipaka kama grisi, kisha akafunga kamba kwenye kifyatulio.

"Papa, imefanya nini?" Nilidhani anaiadhibu.

"Iko na kiburi."

Mama alikataa. "Papa Neema, kamba iko mufupi. Unataka nizike mukono yako?" Akamfungua mbuzi, akaiunga kamba yake kwenye ile ya Papa.

Papa alimcheka, lakini akarudi nyuma hadi migombani. Akavuta kamba kuijaribu, ikalia kwa kishindo.

Moshi ulipoondoka, bunduki ilikuwa imepasuka, na kipande cha chuma kimezama ardhini pale pale aliposimama mwanzo. Mbuzi alikuwa kwenye maharage na hakuna aliyemfukuza. Papa na Mama walikaa chini wameshikana, wakicheka bila kukoma.

Niliwachukia. Mimi nilikuwa naililia bunduki.