Shangazi Ahamisha Nyumba Mbili kwa Waya Mmoja

Asubuhi, maduka ya jirani yakiwa bado yamefungwa, Shangazi ameinamia kompyuta iliyovuliwa mfuniko. Sikio lake liko karibu na diski. Inatoa mlio mdogo, tik, tik, kama mtu anayegonganisha meno kwa baridi.

"Huyu anaaga," anasema. "Tusimchokeshe."

Mtaa mzima humwita Shangazi fundi huyu wa kompyuta, hata wanaomzidi umri. Alianzia kwenye redio mbovu za majirani, wakati huo akiuza mitumba.

Mwenye mashine ni mdarizi, amekalia boksi pembeni, mikono mapajani. Ndani ya diski mna maua aliyochora mama yake, ndiyo anayodarizi kwenye mashuka. Mama yupo, ila mikono inatetemeka. Hawezi kuchora tena. Nakala nyingine hakuna.

Kompyuta hiyo ina mifumo miwili: Windows inayoendesha cherehani ya kudarizi, na Linux anayosomea binti yake. Ukiiwasha, inakuuliza unataka upi.

"Hawa ni wake wenza, mlango mmoja," Shangazi anatania. "Ukimhamisha mkubwa ukamsahau mdogo, utalala nje."

"Wahamishe wote, Shangazi. Mimi sitaki kesi."

Diski mpya, SSD, ni nyembamba kuliko biskuti na haina kitu kinachozunguka. Anaiunganisha na ya zamani kwa waya, ananakili kila kitu, hata ile sehemu ndogo inayouliza swali. Mstari kwenye kioo unasogea polepole.

Unafika mwisho. Anawasha. Kompyuta inawaka kwa kujikokota, tik, tik, kama mwanzo.

Mdarizi anashika kifua. "Ndiyo hiyo mpya?"

Shangazi anajipiga paji la uso. "Ala! Nimeziacha zote mbili zimechomekwa. Sasa ni pacha, utambulisho mmoja. Kompyuta imekimbilia kwa yule iliyemzoea."

Anachomoa ya zamani, anawasha tena.

Kioo cheusi. Kisha majina mawili, moja juu ya jingine. Anachagua Windows, mdarizi hajavuta pumzi, maua yameshajaa kioo, hadi kikonyo kilichopinda pale mkono wa mama ulipoanza kuchoka.

"Mungu wangu," ananong'ona. "Yote haya yamepita kwenye kiwaya hiki?"

"Kila jani. Miaka yote hii, mwenzio bado nashangaa."

Ndoto ya Shangazi ni kupata chumba kipana, chenye viti. "Wateja huniachia mashine, wakaenda zao. Nataka wakae, waone mali zao zikihama. Wanakosa utamu wote."

"Basi anza na kiti kimoja," anasema mdarizi, simu sikioni. "Mama anakuja."