Kikombe Alichoonja Mama

Jana nilinusa kikombe cha bati kilicholowa, na ulimi wangu ukakauka palepale.

Nilipokuwa mtoto, surua ilinipanda kichwani. Daktari alisema ubongo umevimba, akaamuru nilale kichwa juu, nidungwe sindano za kukojoza, na maji yawe ya kulowesha midomo tu, yasije yakazidisha uvimbe. Kitanda changu hospitalini kilielekea dirishani, na dirisha lote lilijaa ziwa.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu mama akaja na kikombe chini ya kitenge.

“Mama, mi nakufa na kiu.”

“Nyamaza, mutoto wangu. Nimekuletea mayi.”

Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, ujue hakina sumu. Akaonja. Nikanyoosha mikono. Akakitazama kichwa changu nilichoshindwa kukiinua, kisha akaendelea kunywa, bila kupumua, mpaka tone la mwisho.

“Yamekwisha,” akasema.

Nilipona. Watu husema mama ndiye aliyeniokoa, nami huitikia. Lakini mpaka leo, mtu akionja kwanza mbele yangu, mimi humtazama koo.