Farasi Aliyegeuka na Bwana Harusi

Jamaa zangu, mimi ni mtu mzima, mvi zimefika mpaka kwenye nyusi, nimesomesha Kurani hapa Malindi, mtaa wa Barani, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na mngetarajia mtu kama mimi akiaibika basi aaibike chumbani mwake, mlango umefungwa, na shahidi ni Mola wake peke yake. Sikujaliwa hilo. Mimi niliaibika barabarani, baada ya Alasiri, kwenye kipaza sauti, wakwe wakisikiliza. Alhamdulillahi kwa kila hali. (Mke wangu, Bi Rukia, ameniambia niwaeleze mwenyewe upesi, maana huko mitaani yule farasi ameshaota mabawa.)

Nianze na huyo farasi. Nilikuwa na jirani Mtaliano, mzee mwema, kila Ramadhani nikimpelekea tambi na kaimati, naye akanifundisha kupanda farasi wake mweupe nikiwa na miaka sitini na mitatu. Nilianguka mara mbili, mara zote mchangani, Mungu ni mwema. Yule mzee aliporudi kwao moja kwa moja akaniachia mnyama, nami nikamwita Baraka, na kwa kuwa goti langu la kulia halinipendi, Baraka akawa ndiye miguu yangu ya kwendea msikitini na shambani Kakuyuni. Lakini farasi anakula, jamani! Anakula kama aliyealikwa. Nyasi, pumba, maji ndoo kwa ndoo, na kwato zake zinataka kutazamwa kila siku, na mimi kuinama ninaweza, kuinuka ndiyo kazi.

Ndipo nikashirikiana na Kazungu. Kazungu ni mtu wa Kakuyuni, ana mke na watoto, na farasi anawajua kuliko ninavyowajua mimi. Tukapatana kwamba yeye ataleta chakula na kumtunza, na kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi atampeleka ufukweni kupandisha wageni. Ijumaa na Jumamosi ni zangu. Jumapili Kazungu yuko kanisani, na farasi naye anapumzika, kwa dini gani sijui. Tulikaa hivyo miaka miwili bila neno baya. Kazungu huniita Mwalimu, nami humwita mwanangu, na hesabu pekee iliyotutatiza ni kwamba mimi nilimwita farasi Baraka na yeye, huko ufukweni, akimwita Bosi.

Sasa mjukuu wangu Nassir akaposa. Bibi harusi ni Mwanaisha, mjukuu wa Mzee Athman, watu wa visiwani walioingia Malindi zamani, watu wa heshima na wa kupima maneno. Harusi ilikuwa imeshaahirishwa mara moja kwa sababu mama yake Nassir aliugua, na ingawa ugonjwa ni wa Mungu, upande wa pili walianza kunong'ona kwamba kijana anarudi nyuma. Mzee Athman, ambaye ndiye wali, yaani msimamizi wa kumwozesha binti, aliniambia wazi tukinywa kahawa barazani kwake: "Maalim, safari hii tukiita watu, tumeita. Sitasimama mlangoni mara mbili."

Nikataka kumpoza. Nikasema, "Nassir atakuja juu ya farasi, kwa zefe, maandamano ya kasida na matari, mtaa mzima uone kama anarudi nyuma au anakuja mbele." (Shikeni hayo maneno.)

Mzee Athman akapenda, lakini akatia sharti kwa njia yake. Akaeleza kwamba babu yake kule visiwani alikuwa na punda mweupe wa kupanda, na hakumwazima mtu, hata nduguye, kwa sababu mnyama wa kupandwa na kila mtu hana adabu. Kisha akanitazama. "Huyo wako anapandwa na nani?"

Na mimi, niliyefundisha watu wazima na watoto kwamba kuficha nusu ya kweli ni binamu wa uongo, nikajibu kwa utulivu, "Ananipanda mimi—" nikajikwaa, wakacheka, nikajirekebisha: "Nampanda mimi." Na ni kweli nampanda. Sikusema peke yangu. Nilifika nyumbani nimejaa raha, nikamsimulia Bi Rukia, akaendelea kuchambua mchele, akasema tu, "Na Kazungu je?"

"Kazungu hakuulizwa."

"Haya, Maalim."

Mke wangu akisema "Haya, Maalim" kwa sauti ile, mtu mwenye akili huvua kilemba akafikiri upya. Mimi nilikwenda kulala.

Ijumaa ya harusi, Kazungu alikuja mapema, akamwosha farasi mpaka anang'aa, akamsuka manyoya ya shingo, akaweka tandiko na shada la asmini. Kisha akasema, "Mwalimu, nimeazima kanzu. Nitamshika hatamu mwenyewe mpaka mlangoni."

Hapo ndipo ulipokuwa mlango wa salama, na mimi nikaufunga kwa mkono wangu. Nikawaza Mzee Athman akimwona Kazungu, nikawaza mtu wa ufukweni akisema, "Ah, Kazungu, leo umeleta farasi wako huku!" Nikamwambia, "Pumzika leo, mwanangu. Nitamshika mimi."

"Sawa, Mwalimu. Lakini kuna jambo moja kuhusu huyu, akiona—"

"Kazungu, farasi huyu namjua."

Akarudi kunyoosha shada la asmini. Mtu aliyelelewa vizuri akinyamazishwa na mzee hunyamaza, na hiyo ndiyo hasara ya malezi mazuri.

Tukatoka baada ya Alasiri. Nassir juu ya farasi na joho lake jeusi lenye nyuzi za dhahabu, kilemba kimekaa, mimi mbele nimeshika hatamu, nyuma yangu vijana wa kasida na matari, na kipaza sauti na spika zake juu ya mkokoteni, kijana mmoja akiusukuma. Wanawake wakatoa vigelegele milangoni. Nilijiona mimi ndiye ninayeoa.

Tulipofika njia panda ya kwanza, mpiga picha akakimbia mbele, akapiga goti, akainua kamera. Farasi akasimama tuli. Akainua shingo, akatega masikio, akatoa kifua kama askari anayekaguliwa, watu wakasema mashaallah. Kamera ikalia. Na Baraka, taratibu, bila haraka wala hasira, akageuka nyuma akaanza kurudi tulikotoka.

Watu wakacheka, nami nikacheka, nikamgeuza. Tukaenda hatua hamsini, mashangazi wawili wakatoka na simu zao. Farasi akasimama, akainua shingo, akapigwa picha, akageuka. Mara hii vijana wa matari hawakuwahi kupisha, akapita katikati yao, tari moja ikakanyagwa, kasida ikakatika katikati ya sifa ya Mtume, astaghfirullah, na mimi nikaning'inia kwenye hatamu nikisema "Baraka! Baraka!" na yeye hajui Baraka ni nani.

Kadiri alivyogeuka, ndivyo watu walivyozidi kutoa simu. Ndiyo dunia ya sasa: mtu akizama, kwanza anapigwa picha. Basi simu kumi, ishirini, na kila simu akasimama kwa adabu, akapozi, akageuka. Tulikuwa tunakwenda nyumba tatu mbele na kurudi nne. Nassir, ambaye jasho lilikuwa limemfika kwenye kola ya kanzu, akainama, "Babu, nishuke niende kwa miguu?"

"Ukishuka watasema umeangushwa. Kaa."

Wakati huo habari zilishatangulia. Mtoto wa mtu alikuwa ametuma video, na video haina maelezo: ilionyesha bwana harusi, joho linapepea, anaondoka akiwapa mgongo wakwe. Simu yangu ikalia. Mzee Athman. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. "Maalim, huku vigelegele vimenyamaza na mjukuu wangu analia. Kama kijana wenu hataki, niambieni kabla kahawa haijamiminwa."

Nikaogopa. Si kwa ajili yangu, Mungu ananijua. Ni yule binti, amekaa na hina mikononi, anaambiwa mume wake amegeuka njiani tena na tena. Nikanyakua kipaza sauti mkokotenini, nikawasihi watu watulie, nikasoma dua fupi, nikashusha mkono nikitafuta kwa macho mtu wa kunisaidia. Na nani nilimwona, amesimama kando ya duka la mkaa na kanzu yake ya kuazima? Kazungu. Alitufuata tangu mwanzo, nyuma kabisa, nisimwone nikaaibika.

Nikamwendea. Sasa hapa, wapenzi wangu, ndipo kosa dogo lilipozaa watoto, kwa sababu sikukizima kile kipaza sauti. Kilikuwa mkononi, kifuani kwangu, kinasikiliza.

"Kazungu, umemfanya nini farasi wangu?" nikanong'ona, na mtaa mzima ukanong'ona nami.

"Farasi wetu, Mwalimu."

"Farasi wetu! Mbona anarudi?"

"Si simu hizo! Kule ufukweni tukifika kwenye mawe, naishika simu ya mgeni, namwambia farasi asimame, napiga picha, safari imekwisha, anarudi mwenyewe. Miaka miwili, kila siku. Ukimpiga picha, kwake umemwambia twende nyumbani."

"Mbona hukuniambia?"

"Asubuhi nilianza, ukasema unamjua."

"Punguza sauti, mwanangu. Mzee Athman hajui kwamba tunashirikiana. Nilimwambia nampanda mimi."

"Peke yako?"

"Sikusema peke yangu. Niliacha aelewe hivyo."

Nikaona watu wameshika mbavu. Kijana wa mkokoteni alikuwa akininyooshea kidole kifuani, kisha kwenye spika, kisha kifuani tena. Nikatazama. Taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka kama jicho la paka. Spika zile husikika mpaka nyumba ya tano baada ya ile ya wakwe.

Kuna wakati mtu hana pa kukimbilia isipokuwa kwenye ukweli, na ni rehema kwamba pana nafasi. Nikakiinua tena, nikasema kwa sauti yangu ya darsani, "Mzee Athman, na nyote mnaonisikia. Bwana harusi hakurudi nyuma. Aliyerudi ni farasi, na farasi hana kosa, kosa ni langu. Huyu ni wangu na wa Kazungu, na Kazungu anamjua kuliko mimi, nami nilimficha kwa sababu ya kiburi. Sasa nawaomba kitu kizito kuliko mahari: wekeni simu mifukoni."

Wakaweka! Kazungu akashika hatamu, akasema, "Twende, Bosi," na farasi akaenda kama maji ya mfereji. Na kwa kuwa mikono ya watu ilikuwa mitupu, wakapiga makofi, na kwa kuwa hawakuwa na la kutazama kwenye kioo, wakaitikia kasida, mpaka na wazee ambao hawajaitikia miaka mingi. Sijasikia zefe tamu kama ile.

Mzee Athman alikuwa mlangoni. Amesimama wima, fimbo mkononi, watu wake nyuma. Nikamwamkia, akaitikia, akanikagua kutoka kilemba mpaka viatu. Kisha akasema, "Tumekusikia, Maalim. Tumesikia mpaka ulivyomeza mate." Masharubu yake yakatikisika. "Mshirika wako ni yupi?"

Kazungu akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kanzu yako ni fupi. Ingia unywe kahawa, wewe ndiye uliyetuletea mwanaume wetu."

Vigelegele vikarudi. Nikafuta machozi, sikatai. Na Mzee Athman, kwa furaha, akamtazama Nassir juu ya farasi mweupe, akasema, "Huyu lazima dada yangu kule visiwani amwone," akaingiza mkono mfukoni mwa koti.

"Laa, mzee!" tukapiga kelele wote, mimi, Kazungu, kijana wa mkokoteni.

Alishabonyeza. Farasi akainua shingo, akatoa kifua, akageuka. Nassir hakungoja ushauri wa babu yake: akaruka, joho likamkamata kwenye tandiko, akaacha kiatu kimoja kikining'inia, akaingia kwa wakwe akikimbia, mguu mmoja mtupu, huku kina mama wakisema, "Huyu ndiye asiyetaka?" Nikahi ikafungwa kabla ya Magharibi.

Ile picha imetundikwa sebuleni kwa Mzee Athman. Farasi ametoka vizuri kuliko binadamu wote. Mimi niko pembeni, mdomo wazi, mkono juu, kama mtu anayezuia basi lililokwisha pita. Kila mgeni huonyeshwa, nami nikiwepo huulizwa farasi ni wa nani, na siku hizi sijibu kwa hesabu, nasema ni wetu, na nawataja washirika kwa majina.

Tuko watatu sasa. Mzee Athman, aliyesema mnyama wa kupandwa na kila mtu hana adabu, aliomba Jumanne. Kwa hivyo nimejiwekea nadhiri, na Bi Rukia ni shahidi: kila Ijumaa asubuhi, kabla sijaweka mguu kwenye tandiko, nakwenda kwa Kazungu, nasalimu, nakaa, namwuliza wiki hii farasi amejifunza nini, na simkatizi mpaka amalize.

Juzi ameniambia Mzee Athman anamfundisha kusimama kila penye baraza la kahawa. Nimeanza kutoka nyumbani saa moja kabla ya adhana.